Zabuni ya barua pepe isiishie siku ya kusimika

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako, tena nafasi isiyo ndogo, nizungumze na wakuu wa vyuo, SACCOS, hospitali za mashirika ya dini na kampuni za kati ambao barua pepe za ofisi zao zinakaa kwenye seva yao wenyewe. Zabuni za mifumo hii kwa kawaida huandikwa kwa neno moja: kusimika. Mzabuni anasimika, anawafundisha watumishi nusu siku, anakabidhi karatasi yenye nywila, analipwa. Hakuna mstari unaosema nani atapandisha toleo miezi minane baadaye, wala miaka mitatu baadaye. Ukurasa wa kuingilia unaendelea kufunguka kila asubuhi, na kwa kuwa unafunguka, kila mtu anaamini ni mzima.

Nitaitumia Roundcube kama mfano. Programu hii ya chanzo huria, iliyoanzishwa na Thomas Brüderli mwaka 2005, ndiyo iliyo nyuma ya kurasa nyingi za kusomea barua pepe kwenye kivinjari, hata pale ambapo juu pamebandikwa nembo ya taasisi. Tarehe 1 Juni 2025 yalitoka matoleo 1.6.11 na 1.5.10 kuziba udhaifu uliopewa namba CVE-2025-49113 (CVE ni orodha ya kimataifa ya udhaifu wa programu unaojulikana). Udhaifu huo ulikuwa umelala ndani ya programu kwa takriban miaka kumi, tangu matoleo ya 1.1. Kigezo kimoja kinachopita kwenye anwani ya ukurasa, _from, kilikuwa hakikaguliwi katika sehemu ya kupakia picha za mipangilio. Mtu mwenye akaunti yoyote, hata ya mapokezi, aliweza kukitumia kuifanya seva itekeleze amri zake. Kusema kwamba lazima awe na akaunti si faraja. Katika ofisi ya watu 200, nywila moja dhaifu inatosha. Wiki moja baada ya kiraka, yaani sasisho la kuziba tundu, kutoka, taasisi ya usalama wa mtandao ya Shadowserver ilikuwa bado inahesabu seva zaidi ya 80,000 duniani ambazo hazijasasishwa.

Kabla ya hapo, Oktoba 2023, kampuni ya usalama wa kompyuta ya ESET ilieleza jinsi kundi la wadukuzi la Winter Vivern lilivyoshambulia ofisi za serikali za Ulaya kwa udhaifu mwingine, CVE-2023-5631. Huko mtumiaji hakuhitaji kubofya chochote. Kuifungua tu barua kwenye kivinjari kulitosha kuendesha msimbo uliosoma barua zake na kuzipeleka nje. Viraka vilitoka mwezi huohuo katika matoleo 1.6.4, 1.5.5 na 1.4.15. Aliyekuwa amesimika 1.4.6 mwaka 2020 na kuondoka na hundi yake hakuwa na wajibu wowote wa kimkataba kujua hayo.

Sababu inayotolewa mara nyingi ya kutoigusa seva ni hofu kwamba barua zitapotea. Hofu hiyo inatokana na kutojua nini kinakaa wapi, na ndiyo maana nalieleza jambo hili kwa kina. Kwenye seva ya kawaida ya Linux au BSD kuna programu tatu tofauti. Postfix inapokea na kutuma. Dovecot inazitunza barua kwenye diski na kuzitoa kwa anayeziomba kupitia IMAP, utaratibu wa kusoma barua zilizo kwenye seva. Roundcube ni mteja tu wa hizo mbili, sawa na programu ya barua pepe kwenye simu yako; haina barua hata moja. Kanzidata yake ina vitabu vya anwani, saini za watumiaji, mipangilio yao na kumbukumbu za muda. Ukiifuta Roundcube yote leo mchana, barua zinabaki Dovecot, na wenye simu wataendelea kuzisoma. Kwa hiyo kupandisha toleo lake ni kazi ya chini ya saa moja, na hatari yake kubwa ni kupoteza vitabu vya anwani. Kwa hatari hiyo kuna nakala rudufu.

Kwanza kusimika, maana kosa la siku ya kwanza ndilo linaloifanya kazi ya kusasisha iwe ngumu baadaye. Chagua njia moja kati ya mbili na usizichanganye: pakiti ya mfumo wa uendeshaji, au furushi kutoka kwa watengenezaji. Kwenye Debian, amri ya apt install roundcube inaweka mipangilio ndani ya /etc/roundcube, inakuundia kanzidata, na viraka vinakuja pamoja na masasisho mengine ya mfumo. Kwa ofisi isiyo na fundi wa kudumu hii ndiyo njia ninayoipendekeza bila kusita. Ina jambo moja linalowachanganya wakaguzi: Debian huweka viraka vya usalama ndani ya toleo lilelile la zamani. Debian 12 inaweza kuonyesha 1.6.5 ikiwa tayari imezibwa udhaifu wa 2025. Usihukumu kwa namba iliyo mbele. Endesha apt changelog roundcube-core na utafute namba ya CVE yenyewe. Wa Ubuntu wao wajue kwamba Roundcube iko katika hazina ya universe, na viraka vya usalama vya hazina hiyo hupatikana kwa uhakika kupitia Ubuntu Pro. Mashine isiyounganishwa na huduma hiyo inaweza kusema kila kitu kimesasishwa na bado iwe na tundu.

Anayetaka furushi la watengenezaji apakue lile lenye neno complete katika jina lake, maana limekuja na maktaba zote zinazohitajika za PHP, lugha ambayo Roundcube imeandikwa. Pamoja nalo apakue faili dogo la saini na kulihakiki kabla ya kulifungua:

gpg --verify roundcubemail-1.6.11-complete.tar.gz.asc roundcubemail-1.6.11-complete.tar.gz

Namba hiyo ni ya mfano; chukua toleo jipya kabisa la tawi lako siku unayofanya kazi. Tawi la 1.6 linahitaji PHP 7.3 au zaidi. Kwenye Debian 12, yenye PHP 8.2, weka php8.2-fpm, php8.2-cli, php8.2-mysql, php8.2-mbstring, php8.2-intl, php8.2-xml, php8.2-gd na php8.2-zip. Ile ya cli isisahaulike, kwa kuwa hati zote za kusasisha zinaendeshwa kutoka kwenye mstari wa amri. Ikikosa moduli ya mysql, ukurasa utafunguka vizuri kwenye kivinjari huku kusasisha kukigoma.

Kanzidata iundwe kwa utf8mb4, usimbaji wa herufi unaobeba hata alama za picha. Pakia muundo wake kutoka SQL/mysql.initial.sql, kisha nakili config/config.inc.php.sample iwe config.inc.php. Ndani ya faili hilo mistari miwili huwapotezea watu saa nyingi. Wa kwanza ni db_dsnw, wenye jina na nywila ya kanzidata katika umbo la anwani. Nywila ikiwa na alama maalumu ndani yake, hasa %, inaweza kusomwa vibaya na kosa unaloonyeshwa ni la kutofikika kwa kanzidata. Ama andika %25 badala ya alama hiyo, ama tengeneza nywila ndefu ya herufi na tarakimu tupu, ambayo ni rahisi zaidi. Wa pili ni des_key, ufunguo unaosimba nywila ya mtumiaji wakati yuko ndani. Faili la mfano lina ufunguo ambao dunia nzima inaujua. Ubadilishe. Urefu unaotakiwa ni herufi 24 kamili, na amri ya openssl rand -base64 18 inatoa 24 bila kupunguza wala kuongeza. Ukiubadilisha siku nyingine hakuna kinachoharibika. Waliokuwa ndani watatolewa na kuingia upya.

Suala la umiliki wa mafaili ni zito kuliko linavyochukuliwa. Folda mbili tu, temp na logs, ndizo zinazopaswa kuandikika na mtumiaji wa seva ya wavuti, www-data. Mengine yote yamilikiwe na root, msimamizi mkuu wa mashine. Faili la config liwe la root na kundi la www-data, ruhusa 640, kwa sababu lina nywila ya kanzidata. Ukiona maelekezo yanayosema chmod -R 777 ili kumaliza kosa la ruhusa, yafunge. Mvamizi akipata njia ya kuendesha PHP, jambo la kwanza anatafuta ni mahali pa kuandika faili lake, na kwa 777 umempa seva nzima ya kuchagua.

Mzizi wa tovuti uelekezwe kwenye folda ya public_html iliyo ndani ya Roundcube. Usiuelekeze kwenye folda ya juu yake. Wanaotumia Apache, programu ya seva ya wavuti, mara nyingi huokolewa na mafaili ya .htaccess yanayozuia config na logs. Nginx, programu nyingine ya kazi hiyohiyo, haiyasomi mafaili hayo kabisa. Ukielekeza nginx kwenye folda ya juu, mtu yeyote anaweza kuandika /logs/errors.log kwenye kivinjari na kusoma majina ya watumiaji wako. Kwa kuwa public_html imejaa viungo vya kwenda folda nyingine, Apache iruhusiwe kufuata viungo, vinginevyo ukurasa utakuja bila rangi wala vitufe. Folda ya installer ifutwe na enable_installer ibaki false.

Halafu cheti. PHP hukagua jina lililo ndani ya cheti cha TLS, kinachothibitisha kwamba seva ndiyo yenyewe. Ukiandika imap_host, yaani anwani ya seva ya IMAP kwenye faili la config, kuwa ssl://localhost:993 wakati cheti ni cha barua.example.org, kuingia kutashindikana na ujumbe utasema tu kwamba muunganisho na seva umeshindikana. Wengi hapo huzima ukaguzi. Dawa nzuri zaidi ni kuandika jina lenyewe la cheti katika imap_host na smtp_host, na ndani ya /etc/hosts kulielekeza jina hilo 127.0.0.1 ili mazungumzo yasitoke nje ya mashine. Wa OpenBSD wakumbuke kwamba PHP yao imefungiwa ndani ya /var/www, kwa hiyo haioni /etc/hosts ya kawaida. Nakala iwekwe /var/www/etc/hosts.

Malalamiko makubwa ya watumishi baada ya kusimika huwa ni viambatisho. Tangazo la ofisi linasema hadi MB 25, faili la MB 6 linagoma. Sababu ni kwamba kuna vizuizi vinne vilivyopangana na kila kimoja kina kiwango chake cha kiwandani: client_max_body_size ya nginx ni MB 1, upload_max_filesize ya PHP ni MB 2, post_max_size ni MB 8, na message_size_limit ya Postfix ni baiti 10,240,000. Faili linapopakiwa kwenye Roundcube linakwenda kama lilivyo, kwa hiyo nginx na post_max_size zikiwa MB 27 na upload_max_filesize MB 25, sehemu hiyo imekwisha. Lakini likipelekwa kwa Postfix limegeuzwa kuwa maandishi ya base64 na limevimba kwa theluthi moja na zaidi kidogo. MB 25 ni baiti 26,214,400. Baada ya kugeuzwa na kuongezewa miisho ya mistari zinakaribia 35,900,000. Weka message_size_limit = 36700160. Dalili nazo zinatofautiana. Nginx ikikataa, kwenye kumbukumbu zake utaona 413. PHP ikikataa, Roundcube yenyewe inasema faili limezidi kiwango. Postfix ikikataa, faili limepanda vizuri na kosa linatokea pale mtu anapobonyeza kutuma, baada ya kusubiri dakika nne kwa mtandao wa ofisi. Hilo la mwisho ndilo linalowaudhi watu kuliko yote, na fundi asiyejua hesabu ya base64 atalaumu mtandao.

Jambo dogo: session_lifetime ya kiwandani ni dakika 10. Mahali ambapo umeme na mtandao hukatika kwa robo saa, weka 60.

Sasa kupandisha toleo. Siku moja kabla, angalia php -v. Seva iliyobaki kwenye CentOS 7 ina PHP 5.4, na mfumo wenyewe ulifikia mwisho wa kuhudumiwa tarehe 30 Juni 2024. Huko kazi ya kwanza ni kuhamisha mashine nzima, Roundcube baadaye. Aliye bado na SquirrelMail naye asitafute toleo jipya. La mwisho thabiti, 1.4.22, lilitoka mwaka 2011. Ahamie Roundcube, na atumie programu-jalizi ya squirrelmail_usercopy iliyomo ndani yake, ambayo huleta vitabu vya anwani na saini za zamani pale mtumiaji anapoingia mara ya kwanza.

Kama seva ilikaa muda mrefu bila viraka, ikague kabla ya kuigusa, maana kusasisha hakumtoi aliyekwisha kuingia. Amri ya

find /var/www/roundcube -name '*.php' -newermt 2025-06-01

itaonyesha mafaili ya PHP yaliyobadilika baada ya tarehe uliyoiweka. Linalokutwa ndani ya temp au logs halina sababu ya kuwepo. Tazama kazi zilizopangwa kujiendesha zenyewe kwa crontab -u www-data -l. Tazama pia vichujio vya Sieve vya watumiaji, yaani kanuni za kupanga barua zinazofanya kazi kwenye seva yenyewe, hasa mhasibu, mkurugenzi na ofisa ununuzi: wavamizi hupenda kuweka kanuni inayopeleka nakala ya kila barua kwenye anwani ya nje, na kanuni hiyo inaendelea kufanya kazi hata nywila ikibadilishwa. Ukikuta kitu, nywila ya kanzidata, des_key na nywila za watumiaji vyote vibadilishwe.

Nakala rudufu ni mbili na ni za pamoja:

mysqldump --single-transaction roundcubemail > roundcube.sql
tar -czf roundcube-zamani.tar.gz -C /var/www roundcube

Angalia kwamba roundcube.sql si tupu, ifungue uone mwisho wake umekamilika, kisha zitoe nakala zote mbili nje ya seva. Kama itakulazimu kurudi nyuma, rudisha zote pamoja. Programu ya zamani juu ya kanzidata mpya huonekana inafanya kazi kwa siku mbili tatu, halafu makosa yanaanza kuibuka mahali usipotarajia.

Furushi jipya lifunguliwe kwenye folda yake, kwa mfano /root. Kulifungua juu ya la zamani ndilo kosa la kawaida kuliko yote: mafaili yaliyoondolewa na watengenezaji yanabaki, na muundo wa kanzidata unabaki wa zamani. Ingia kwenye folda mpya na uendeshe:

bin/installto.sh /var/www/roundcube

Hati hiyo inakuuliza kama una uhakika, inanakili mafaili, kisha yenyewe inaita bin/update.sh, ambayo inakagua mipangilio na kubadilisha muundo wa kanzidata. Hakuna haja ya kupita toleo moja baada ya jingine, kutoka 1.4 unaweza kwenda 1.6 moja kwa moja, kwa sababu kanzidata ina kumbukumbu ya mahali ilipofikia na hati inaendesha mabadiliko yote yaliyobaki kwa mpangilio. Inachohitaji ni ruhusa. Mafundi makini humpa mtumiaji wa kanzidata SELECT, INSERT, UPDATE na DELETE peke yake. Ni tabia nzuri, lakini siku ya kupandisha toleo anahitaji pia ALTER, CREATE, DROP na INDEX, la sivyo kazi inakatika katikati. Mpe, endesha, mnyang'anye.

Kuingia 1.6 kuna mabadiliko ya majina kwenye mipangilio. Default_host na default_port zimeunganishwa kuwa imap_host, inayoandikwa na poti yake ndani. Smtp_server na smtp_port zimekuwa smtp_host. Hati ya update.sh itakuonyesha hayo na kuomba ruhusa ya kurekebisha. Anayetumia pakiti ya Debian akitoka 11 kwenda 12 afungue /etc/roundcube/config.inc.php mwenyewe na kukagua, hasa kama alipoulizwa alichagua kubaki na faili lake. Asipofanya hivyo, Roundcube inaangukia localhost:143, na kama Dovecot yako haisikilizi poti hiyo, hakuna atakayeingia. Sura za zamani, larry na classic, hazimo tena ndani ya furushi la 1.6. Weka skin kuwa elastic. Nembo ya taasisi iliyokuwa imefichwa ndani ya picha za larry itatoweka, na mkurugenzi ataiona kabla ya kitu kingine chochote. Mahali pake sahihi ni mpangilio wa skin_logo.

Na sasa mtego ambao sijaona ukielezwa vya kutosha. Roundcube inamtambua mtumiaji kwa vitu viwili kwa pamoja: jina lake na jina la seva ya IMAP, lililo kwenye safu ya mail_host katika jedwali la users. Ukitumia fursa ya kusasisha kurekebisha imap_host kutoka localhost kwenda barua.example.org, kwa Roundcube kila mtumiaji amekuwa mgeni. Ataingia, barua zake atazikuta zote, lakini kitabu cha anwani kitupu na saini haipo. Ofisi nzima itapiga simu kusema mafundi wamefuta anwani. Hazijafutwa, zimefungwa kwa jina la zamani. Kabla ya kufungua mlango, endesha:

UPDATE users SET mail_host='barua.example.org' WHERE mail_host='localhost';

Kama wachache wameshaingia, amri hiyo itagoma kwa sababu rekodi mbili haziwezi kufanana. Futa kwanza zile mpya tupu kwa bin/deluser.sh, ukitaja jina la seva kwa --host, maana bila hilo unaweza kufuta ile yenye anwani. Jaribu kwanza na --dry-run.

Programu-jalizi za watu wa nje ndizo zinazoleta ukurasa mweupe baada ya kusasisha. Kwenye mpangilio wa plugins acha zile zilizokuja na Roundcube tu, thibitisha kila kitu kinakwenda, kisha rudisha nyingine moja moja huku ukisoma logs/errors.log. Ya kalenda na ya kusawazisha anwani ndizo za kutilia shaka kwanza. Iliyotelekezwa na mtengenezaji wake iachwe, hata kama kuna anayeipenda. Usisahau systemctl reload php8.2-fpm: opcache inaweza kuwa bado imeshika msimbo wa zamani kwenye kumbukumbu ya mashine, na ukaanza kutafuta kosa ambalo halipo kwenye diski.

Majaribio yafanywe kwa akaunti ya kawaida, si ya msimamizi: ingia, fungua barua yenye picha, tuma yenye kiambatisho kikubwa kwenda nje na uone imefika, tafuta anwani, fungua vichujio, badili nywila kama huduma hiyo ipo, toka. Vichujio vikigoma peke yake, angalia poti 4190 ya ManageSieve. Kisha fanya hayohayo kwa simu. Mwisho weka bin/cleandb.sh kwenye cron, ratiba ya kazi zinazojiendesha, mara moja kwa siku, kwani bila hiyo anwani zilizofutwa na watumiaji zinaendelea kukaa kwenye kanzidata. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Kenya ina yake ya 2019. Kitabu cha anwani cha hospitali ni taarifa binafsi.

Narudi kwa wanaoandika zabuni. Ongezeni vifungu vifuatavyo. Mzabuni akabidhi maelezo yanayosema programu ilisimikwa kwa njia ipi, folda zake ziko wapi, na programu-jalizi gani za nje zimewekwa. Kiraka cha usalama kinachoitwa cha hatari kubwa kiwekwe ndani ya siku tatu tangu kutolewa. Siku tatu si uonevu, kwa sababu kwa udhaifu wa Juni 2025 njia ya kushambulia ilipatikana takriban siku mbili baada ya kiraka kuonekana hadharani. Atajwe mtu kwa cheo, ndani ya taasisi, anayepokea matangazo ya matoleo mapya na ya TZ-CERT, timu ya taifa ya kushughulikia matukio ya usalama wa kompyuta. Kila robo mwaka nakala rudufu irudishwe kwenye mashine nyingine ya majaribio na mtu aingie ndani yake, maana nakala ambayo haijawahi kurudishwa haina uthibitisho wowote. Na malipo ya mwisho, walau asilimia kumi, yashikiliwe hadi mzabuni apandishe toleo mara moja mbele ya ofisa TEHAMA wenu, ofisa huyo akiwa ndiye anayebonyeza na mzabuni akiwa amesimama pembeni.

Msimamizi wa seva,
Morogoro